Mashua yangu imekamatwa na unga: je, nami nimo kwenye genge?

Swali: Wakili, mimi ni mjane wa Matondoni, Lamu. Marehemu mume wangu aliniachia mashua yenye mashine, na tangu afariki, miaka mitatu sasa, nimempa mtoto wa kaka yangu aiendeshe na mabaharia wawili. Samaki wakiuzwa, chombo kina fungu lake, nami huletewa changu kila Ijumaa. Mwezi uliopita walikamatwa usiku upande wa Kiwayu wakiwa na vifurushi ambavyo polisi wanasema ni unga, yaani heroini. Wote watatu wamo ndani. Afisa aliyekuja kuniandikisha maelezo alisema hii si kesi ya dawa peke yake, ni ya "kundi la uhalifu wa kupangwa", kwamba mashua itataifishwa na mwenye chombo naye aweza kuunganishwa. Kuna kijana amenijia mara mbili akiniambia nikitoa shilingi 80,000 mashua itarudi bila kesi. La kweli nikwambie: miezi michache nyuma mpwa wangu aliniletea shilingi 45,000 kwa mkupuo, akasema wamepata jodari wengi. Nikalipia karo. Je, nami nimo kwenye genge? Na mashua nitaipata?

Jibu: Mama, hizo 80,000 usitoe. Nitamrudia huyo kijana mbele, lakini nimeona niliseme hilo kwanza, maana huenda jibu langu na yeye wakakufikia siku moja.

Swali lako moja lina mambo mawili ndani, na sheria huyaendea kwa njia mbili zisizokutana. La kwanza ni la mtu: je, wewe ni mshiriki? La pili ni la chombo: je, mashua ichukuliwe? Usicheke nikikwambia kwamba Kenya serikali yaweza kuifungulia kesi mashua, nyumba, gari au akaunti ya benki, na mwenyewe hajashtakiwa lolote. Waweza kuwa huna kesi hata moja, na mashua ikaenda. Huku kwetu Pwani nimeona mali nyingi zikipotea kwa watu kuyachanganya hayo mawili.

Tuanze na la mtu.

Sheria aliyokutajia afisa ni Sheria ya Kuzuia Uhalifu wa Kupangwa ya mwaka 2010. Ilianza kutumika Septemba mwaka huo, mwezi mmoja hivi baada ya Katiba mpya, na kilichoizaa kiko mbali na Lamu. Nchi ilikuwa imetoka kwenye vurugu za uchaguzi wa 2007. Mlima Elgon ulikuwa umeteseka mikononi mwa kundi la wapiganaji, SLDF, kisha mikononi mwa waliotumwa kuwazima. Aprili 2009, karibu na Karatina, watu 29 waliuawa usiku mmoja katika uhasama wa wanakijiji na kundi la Mungiki. Mungiki ilishapigwa marufuku tangu 2002, lakini polisi walikuwa wakikamata vijana na kukosa kifungu kizito cha kuwashtakia. Ndiyo maana ukiisoma sheria hii utakuta imeshughulika sana na viapo: anayelisha kiapo, anayekula kiapo. Bahari utaitafuta usiione.

Umbo lake, hata hivyo, lilitoka kwenye mkataba wa Umoja wa Mataifa uliotiwa saini Palermo, Italia, mwaka 2000, ambao Kenya ilijiunga nao 2004. Humo ndimo ilimotoka hesabu ya watu watatu. Kundi la uhalifu wa kupangwa ni watu watatu au zaidi, wenye mpangilio baina yao, waliokuwa pamoja kwa muda, wanaoshirikiana ili kutenda uhalifu mkubwa au kujipatia fedha na faida nyingine kwa njia hiyo. Anayepatikana na hatia ya kushiriki shughuli za kundi kama hilo aweza kufungwa hadi miaka 15, au kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 5, au vyote viwili. Mtu akipoteza maisha kwa ajili ya shughuli hizo, kifungo chaweza kuwa cha maisha.

Sasa hesabu: nahodha na mabaharia wawili ni watatu. Nimewahi kumwona mwendesha mashtaka akihesabu kwa vidole mbele ya hakimu, mmoja, wawili, watatu, kisha akaketi, kana kwamba amekwisha kuthibitisha. Kwa hesabu hiyo kila mashua ya Lamu ni genge, na kila baraza la bao ni genge pia. Idadi ni mlango tu. Ukishaingia, upande wa mashtaka unatakiwa uonyeshe kwamba watu hao waliungana kwa ajili ya uhalifu, si kwamba waliungana kwa ajili ya samaki kisha usiku mmoja mmoja wao akapakia mzigo wa watu. Ni vitu viwili hivyo. Kuwa pamoja miaka mitatu mkivua hakugeuki kuwa miaka mitatu ya kupanga uhalifu kwa sababu tu safari ya mwisho ilikuwa chafu. Wazee husema ukiona vyaelea vimeundwa. Basi mahakamani ndipo pa kuonyesha vimeundwa na nani, lini, na kwa mbao gani. Simu walizopigiana, fedha zilizotumwa, safari nyingine kama ile, mtu wa nchi kavu aliyekuwa akipokea. Bila hayo, wana kesi ya dawa, hawana kesi ya genge.

Na wewe? Kumiliki chombo hakukuingizi kundini. Sheria inataja vitendo: kuwa mwanachama, kuandikisha watu, kushauri, kusaidia, kutoa mali ukijua itatumika. Wewe ulimpa mpwa wako mashua akavue kwa mgao ule ule wa fungu la chombo unaotumika kuanzia Faza hadi Kipini. Mradi hukujua, humo. Neno "mradi" lishike, nitalirudia kwenye zile 45,000.

Niongeze jambo moja hapa ambalo afisa huenda alilichanganya, au alilitumia kukutisha. Sheria hii ina njia mbili za kukuita kundi. Moja ni ile ya mahakama, kwa ushahidi, kama nilivyoeleza. Nyingine ni ya Waziri wa Usalama wa Ndani: akiwa na sababu za msingi, na kwa ushauri wa mkuu wa polisi, anaweza kulitangaza kundi katika Gazeti Rasmi la Serikali, na tangu siku hiyo kuwa mwanachama tu ni kosa. Oktoba 2010 waziri wa wakati huo, George Saitoti, alitangaza makundi 33. Desemba 2016 Joseph Nkaissery alitangaza mengine, takriban 90. Katika ile orodha ya kwanza, Mama, ndimo lilimokuwa jina ambalo Pwani nzima ilikuwa ikilisoma kwenye kuta: Baraza la Kijamhuri la Mombasa, MRC, wale wa "Pwani si Kenya".

MRC walikwenda mahakamani. Julai 2012 majaji watatu wa Mahakama Kuu mjini Mombasa waliiondoa marufuku ile. Hawakusema wanaikubali hoja ya kujitenga, la hasha. Walisema Katiba, kifungu cha 36, inampa kila mtu uhuru wa kujumuika, na kwamba kulifuta kundi zima ni hatua nzito inayohitaji zaidi ya neno la serikali. Serikali ikakata rufaa, na mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa ikaikataa. Naikumbuka hukumu ile kila nikisikia afisa akilitamka neno "kundi" kwa wepesi. Siasa za MRC sizijali. Ninachokitazama ni kwamba hata jina lililopigwa muhuri wa waziri lilipofika mbele ya majaji liliulizwa: ushahidi uko wapi? Mabaharia wawili na nahodha wa Matondoni hawamo katika Gazeti Rasmi. Wao wataulizwa hivyo tangu mwanzo.

Sasa mashua. Hapa nitakaa, maana ndipo ulipo mkate wako.

Kwanza ujue kwa nini serikali ina ukali na vyombo vidogo. Unga unaotoka Afghanistan hupakiwa kwenye majahazi makubwa pwani ya Makran, upande wa Iran na Pakistan, yakashuka Bahari ya Hindi hadi huku. Aprili 2014 meli ya kivita ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata jahazi lenye kilo 1,032 za heroini nje ya maji ya Kenya, mashariki ya Mombasa. Agosti mwaka huo huo serikali ililipua meli nyingine baharini, Al Noor, pamoja na zaidi ya kilo 370 zilizokutwa ndani yake, Rais mwenyewe akitazama. Lakini jahazi kubwa haliingii Matondoni. Husimama mbali, na mzigo hufuatwa na vyombo vinavyojulikana, vyenye nyavu, vyenye watu wanaosalimiwa kwa jina wakipita. Mashua kama yako, Mama, ndiyo nusu ya mwisho ya safari ile. Walinzi wa Pwani, kikosi kilichoundwa 2018, wanalijua hilo.

Kisheria wanayo mikono miwili ya kukushika chombo. Wa kwanza ni Sheria ya Dawa za Kulevya ya 1994, inayoruhusu chombo kilichosafirishia mzigo kitaifishwe baada ya aliyekiendesha kupatikana na hatia. Huo unategemea kesi ya mpwa wako. Wa pili ni mkali zaidi na watu hawaujui: Sheria ya Mapato ya Uhalifu na Kuzuia Utakatishaji wa Fedha ya 2009, iliyoanza kutumika Juni 2010. Ndiyo iliyozaa Mamlaka ya Kurejesha Mali, ile ambayo magazeti huiandika ikizuia majumba na magari ya wakubwa. Mamlaka hii inaweza kwenda Mahakama Kuu ikasema: chombo hiki kimetumika katika uhalifu, kizuiwe. Jaji akiridhika kuna sababu ya kuamini hivyo, hutoa amri ya kukihifadhi, mara nyingi wewe hata hujui. Amri hiyo hudumu siku 90 tangu kutangazwa katika Gazeti Rasmi, na ndani ya muda huo mamlaka huleta ombi la kukitaifisha kabisa.

Hiyo si kesi ya jinai. Hawahitaji kuthibitisha pasipo shaka yoyote. Inatosha kuonyesha kwamba yaelekea zaidi ni kweli kuliko si kweli. Tena sheria inasema wazi kwamba matokeo ya kesi ya jinai hayaigusi. Mpwa wako akiachiliwa kesho kwa sababu shahidi hakuja, kesi ya mashua inaendelea pale pale ilipokuwa.

Nilimwona bwana mmoja wa upande wa Gongoni akipoteza gari lake aina ya Probox namna hiyo. Alikuwa amempa dereva kwa hesabu ya kila siku, dereva akakamatwa na mzigo. Mwenye gari hakushtakiwa, akafurahi, akasema mimi sina kesi, nikakae kortini nikitazama nini? Tangazo likachapishwa katika Gazeti Rasmi. Sasa niambie, nani Gongoni anayesoma Gazeti Rasmi? Lakini kwa sheria, kuchapishwa ni kuarifiwa. Alipokuja ofisini kwangu gari lilikuwa limekwisha kuwa la serikali, na alikuja na kadi yake ya umiliki ndani ya mfuko wa plastiki, safi kabisa, haijakunjwa. Kila karatasi aliyohitaji alikuwa nayo. Siku ndizo alizozikosa.

Kwa hiyo wewe usingoje kuitwa. Sheria hiyo hiyo inamlinda mwenye mali asiye na hatia: aliyeipata kwa njia halali, na ambaye hakujua wala hakuwa na sababu ya kushuku kwamba inatumika vibaya. Lakini mzigo wa kuyaonyesha hayo uko mabegani mwako, na muda wa kuleta pingamizi unahesabiwa kwa siku, si kwa miezi. Mwambie wakili atakayekusimamia aandike mapema, kabla ya tangazo lolote, kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma na kwa Mamlaka ya Kurejesha Mali, kwamba kuna mwenye chombo, yuko, na atapinga. Barua hiyo ya ukurasa mmoja ingemwokolea yule bwana gari lake.

Nionavyo, tatizo lako kubwa ni jina. Unasema marehemu "alikuachia" mashua. Kwa mdomo au kwa karatasi? Nina yakini leseni ya uvuvi na daftari la kamati ya ufuo, BMU, bado zina jina lake, kwa sababu sijaona mjane hata mmoja Lamu aliyekwenda kubadilisha. Basi mbele ya jaji mwenye mashua ni maiti, Mungu amrehemu, na wewe ni mtu wa nje. Nenda kwa Kadhi wa Lamu ufungue mirathi ya marehemu, mashua itajwe waziwazi miongoni mwa mali, na warithi wote watajwe pamoja na mafungu yao. Ikiwa una watoto, wao pia ni wenye chombo, na hilo halikudhuru. Linakusaidia, kwa sababu jaji ataona anawanyang'anya mayatima ambao hawajawahi kushika usukani. Hili lisikae wiki.

Kisha kusanya. Karatasi ya fundi aliyeiunda, au kama hakuna karatasi, fundi mwenyewe. Matondoni mafundi wanajuana na kila mmoja huitambua kazi ya mkono wake kwenye mbao. Risiti ya mashine. Leseni za miaka iliyopita. Mwenyekiti wa BMU aandike kwamba mashua hiyo imekuwa ikishusha samaki pale tangu lini, na kama ana daftari la mizani, nakala ya kurasa za miezi ile. Na hili ni muhimu kuliko yote: taarifa ya M-Pesa ya mwaka mzima. Ikiwa mpwa wako alikuwa akikutumia fungu lako kila Ijumaa, mara 2,500, mara 4,000, upepo ukiwa mbaya 800, safu hiyo ya tarakimu ndogo ndogo ni shahidi mzuri kuliko mtu yeyote utakayemleta. Wanaoshiriki biashara ya unga hawatumiwi shilingi 800.

Ndipo tunafika kwenye 45,000.

Nakushukuru kwa kuitaja, maana wengi wangenificha, na wakili aliyefichwa ni kama nahodha asiyeambiwa kuna mwamba. Sheria ya mapato ya uhalifu haimshiki aliyejua peke yake. Inamshika pia aliyepokea mali ambayo, kwa hali ilivyokuwa, alipaswa kujua. Utakatishaji wa fedha una kifungo cha hadi miaka 14, au faini ya hadi milioni 5 au thamani ya mali ikiwa kubwa zaidi. Basi utaulizwa: mtu aliyezoea kuletewa elfu tatu akiletewa elfu arobaini na tano, alifikiri nini?

Jibu lako ni jodari. Na jibu hilo laweza kuwa kweli tupu. Msimu wa jodari ukija vizuri, mashua moja huleta fedha ambazo hazikuonekana mwaka mzima. Lakini usiliseme hivi hivi. Tafuta mnunuzi. Jodari wa 45,000 hauzwi kwa vichane barabarani. Kuna mchuuzi aliyemnunua, kuna barafu iliyonunuliwa, kuna aliyempeleka Malindi au Mombasa. Ikiwa mnunuzi yupo, mwezi ule ule, hoja hiyo imekwisha. Ikiwa hayupo, ikiwa kila unayemuuliza anainamisha kichwa, basi mwambie wakili wako kabla hujaandika neno lolote kituoni. Sisemi udanganye. Nasema usiape kuhusu jodari ambao hukuwaona. Una haki ya kunyamaza, na kunyamaza ukiwa na wakili si kukiri.

Hapo pia ndipo penye ile "mradi" niliyokuomba uishike. Tangu siku ile walipokamatwa, wewe tayari unajua. Mashua ikirudi leo ukampa tena mtu yule yule, au rafiki yake, bila kuuliza kitu, safari ya pili hutakuwa na kinga. Siyo ukatili, ndivyo majaji wanavyosoma mienendo ya watu.

Sasa huyo kijana. Sijui ametumwa na nani, na wewe pia hujui. Huenda hakutumwa na yeyote, kuna watu wanaoishi kwa kusimama nje ya vituo na mahakama wakinusa shida za watu. Sheria ya Hongo ya 2016 inamhesabu anayetoa na anayepokea sawasawa: hadi miaka 10 jela, au faini ya hadi milioni 5. Ukimpa, ukaanguka mtego, utakuwa umejiundia kesi ambayo hukuwa nayo. Na hata usipoanguka, utakuwa umefanya kitu kibaya zaidi: mwenye chombo asiye na hatia kwa nini alipe? Hilo ndilo swali ambalo mwendesha mashtaka atakuuliza, na sina jibu la kukuazima. Akija mara ya tatu, asikukute peke yako. Andika tarehe, saa, maneno aliyosema. Kama ana namba ya simu, ihifadhi. Ukiona anabadilisha kauli kutoka kuahidi hadi kutisha, mwambie wakili wako mara moja. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Mashahidi tangu 2006, na Mamlaka ya Ulinzi wa Mashahidi yenyewe, hata kama huku visiwani ni wachache walioiona ikifanya kazi.

Kuhusu mpwa wako sitasema mengi, kwa sababu hukuniuliza na kwa sababu yeye anahitaji wakili wake mwenyewe, si wako. Maslahi yenu yaweza kupishana: huenda njia yake ya kujiokoa ikawa ni kusema wewe ulijua. Sisemi atasema. Nasema damu ni damu, lakini wakili mmoja asiwabebe nyote wawili. Huyo wakili wake aulize kama mzigo ulipimwa mbele ya washtakiwa na sampuli kuchukuliwa kama sheria ya dawa inavyotaka, na kama walifikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Dhamana pia ni haki yao chini ya kifungu cha 49 cha Katiba, isipokuwa kuwe na sababu nzito za kuwanyima. Na wasidharau mashtaka ya dawa kwa kulihofia neno "genge": tangu marekebisho ya 2022, ulanguzi wa unga una faini za makumi ya mamilioni na vifungo vya makumi ya miaka. Hayo peke yake ni makubwa kuliko ile miaka 15.

Niseme na hili, ni la kwangu tu. Ndugu wawili wa ukoo wa Akasha, walanguzi wakubwa wa unga, walikamatwa Mombasa Novemba 2014. Kesi ikazunguka huku kwetu miaka miwili na zaidi, sheria zote hizi zikiwepo, hadi Januari 2017 walipopelekwa Marekani. Huko walikiri, Baktash akapata miaka 25, Ibrahim 23. Sheria ya 2010 haikuhitaji kurekebishwa hata nukta ili kuwafikia. Nikiona jinsi inavyokwenda mbio kumfikia nahodha wa Matondoni, huwa nakumbuka jinsi ilivyotambaa kwa wale. Lakini malalamiko yangu hayatakurudishia mashua, kwa hivyo tuendelee.

Ombi moja la kuharakisha. Kesi ya jinai yaweza kuchukua mwaka, yaweza kuchukua mitatu. Chombo kikiwa kielelezo cha ushahidi, wakili wako anaweza kumwomba hakimu kipigwe picha, kipimwe, kiandikwe, kisha ukabidhiwe ukitunze kwa dhamana hadi hukumu, ukiahidi hutakiuza wala kukibadilisha. Si lazima akubali. Kama kuna amri ya Mahakama Kuu ya kukihifadhi, hakimu mikono yake imefungwa na itabidi uende kwa jaji. Lakini omba, na sababu yako iseme kwa lugha ambayo hakimu wa kutoka bara hataijua mpaka aambiwe.

Mwambie mashua ya mbao si gari. Gari ukiliacha uani linapata vumbi. Mashua ikiachwa majini bila mtu, ngama, yaani tumbo la chini la chombo, inajaa, maji yanapanda hadi kwenye mashine, na bamvua moja ya usiku, yale maji makuu, inaigonga gatini hadi ubao unatoka. Ikipandishwa pwani ikaachwa juani, mbao zinakauka na kufunguka, kalafati, ile pamba ya kuziba nafasi za mbao, inatoka kama uzi wa nguo iliyooza, na siku utakayokabidhiwa, hukumu ikiwa mkononi, utakabidhiwa kitu kisichoelea. Nimeziona nyuma ya vituo viwili vya polisi, majina yao bado yanasomeka ubavuni, na mbuzi wamelala ndani.

Kwa hiyo kesho, kabla ya Kadhi na kabla ya M-Pesa, mtafute fundi wenu umwombe aende na barua yako kituoni, amweleze mkuu wa kituo kwa upole kwamba mwenye chombo anaomba ruhusa ya kukitunza hapo hapo kilipo, polisi wakisimama wakitazama: maji ya ndani yafuliwe, yatolewe nje, kila siku mbili, mashine ivuliwe na kuwekwa ndani, makuti yatandazwe juu yake. Wakikataa, barua ipigwe muhuri kwamba imepokewa, na nakala ibaki kwako. Wakikubali, mpe fundi kalafati na sifa ya kutosha, yale mafuta ya samaki ya kupaka mbao, maana kwa mwezi mmoja uliopita nadhani ubavu wa jua umekwisha kuanza kupiga nyufa.